Nani wa Kusema Hapana: Kisa cha Kambi ya Aprili Hell's Gate

Saa tisa alasiri, Jumamosi moja ya Aprili, tulikuwa watu 14 tumesimama mbele ya kituo cha askari, juu ya korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Watu wazima 6, watoto 8. Watoto walikuwa wameliota korongo hilo mwezi mzima. Mwongozaji tuliyepewa, kijana wa Kimaasai aliyekulia karibu na vilima vile, alitazama juu kunakotoka maji, akatazama tena, kisha akamgeukia kaka yangu mkubwa.

"Mzee, leo hatushuki."

Pale tulipo jua lilikuwa linachoma. Hapakuwa na tone la mvua. Wingu alilokuwa akiliangalia lilikuwa mbali, jeusi upande mmoja, mfano wa moshi wa shamba linalochomwa. Shemeji yangu akaanza kuhesabu kwa sauti: nauli, viingilio, ada ya kambi, baiskeli za kukodi. Binti yake mdogo akaanza kulia. Ubishi ule ulichukua karibu nusu saa, na ndio ulionifanya niandike haya.

Safari ile niliipanga mimi. Daftari la mipango ninalo hadi leo. Lina orodha ya vyakula ya kurasa tatu, lina mpangilio wa nani atalala na nani, lina hesabu ya michango hadi shilingi ya mwisho. Safari ile halikuwa na hata mstari mmoja unaosema nani kati yetu ana mamlaka ya kusimamisha jambo, na akiona nini. Nikilisoma sasa naona aibu, maana historia ya mahali pale nilikuwa naijua.

Tuanze na mahali penyewe. Hell's Gate iko kusini mwa Ziwa Naivasha, kilomita kama 90 kutoka Nairobi. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo, iliyotangazwa mwaka 1984. Familia za mjini zinaipenda kwa sababu unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya punda milia, twiga, kongoni na ngiri. Nyati wapo, na nyati anataka heshima yake, lakini simba hawajaweka makao pale, kwa hiyo mzazi anaweza kumwacha mtoto wa miaka 10 akanyage pedali mbele yake bila moyo kumtoka. Kwenye njia ya kuingilia kuna nguzo ya mwamba ya mita kama 25 iitwayo Fischer's Tower, ambayo Wamaasai husimulia kuwa ni bibi harusi aliyekatazwa kugeuka kuangalia kwao, akageuka. Upande wa Olkaria mvuke unapanda kutoka kwenye visima vya umeme wa jotoardhi, ambao Kenya ilianza kuuzalisha hapo mwaka 1981.

Na kuna korongo. Zamani sana ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yake yalitokea upande huu wa kusini, yakichimba mwamba laini wa volkano. Ziwa lilishuka, korongo likabaki. Kuta zake ni ndefu, mahali pengine njia inabana hadi unagusa pande zote mbili kwa mikono, na chini panachuruzika maji ya moto kutoka ardhini. Ni pazuri ajabu, na bado ni mfereji. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu, maji hayana pengine pa kupita, na aliye chini haoni wingu wala hasikii ngurumo kabla hayajamfikia.

Aprili 2012 maji hayo yaliwaua vijana saba wa kikundi cha kanisa waliokuwa wamekwenda kutembea. Tarehe 1 Septemba 2019 yakaua tena watu saba, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, likalifunga korongo kwa muda. Ajali zote mbili zilitokea Jumapili. Maji hayachagui siku, lakini sisi tunachagua: wikendi ndipo watu wanapojaa mle ndani, wakiwa na ratiba za kurudi mjini na pesa zilizokwisha kulipwa.

Sasa tarehe yetu. Tulichagua Aprili kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na hapa pana mtego ambao mzazi yeyote wa Kenya anaweza kuuona akitandika kalenda mbili mezani. Likizo za shule ni tatu: Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Aprili iko katikati ya mvua ndefu. Novemba iko katikati ya mvua fupi. Inabaki Agosti, ambayo ni kavu lakini baridi yake Naivasha si ya mchezo. Niliijua kalenda ya shule kichwani, na kalenda ya mvua sikuifungua kabisa. Kama ningeifungua ningehamishia safari Agosti siku ileile, na gharama ya kuahirisha ingekuwa sifuri kwa sababu bado hatukuwa tumelipa chochote.

Lakini kalenda peke yake haikukingi. Ajali ya 2019 ilitokea mwanzo wa Septemba, wakati ambao yeyote kati yetu angeuita kiangazi. Kuchagua mwezi mkavu kunapunguza hatari, na bado siku yenyewe inabidi mtu aitazame mbingu, na akisema hapana asikilizwe.

Njia tuliichagua vizuri, nasema hivyo bila kujisifu. Kutoka Nairobi kwenda Naivasha kuna barabara ya juu, ipitayo Limuru na kuendelea ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kuna ya chini inayoteremka hadi Mai Mahiu. Ya chini ina mandhari, na dereva wa gari tulilokodi aliipendelea. Kaka yangu alikataa katakata. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa kasi katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, yakazoa nyumba na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Hakuna aliyebishana naye. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hapo tulikubali haraka, na kwenye korongo tukabishana nusu saa. Nadhani jibu ni kwamba barabara tuliiamua sebuleni, kabla ya mtu kutoa pesa na kabla ya mtoto kuahidiwa kitu.

Mahali pa kulala pia palikuwa na mjadala. Shemeji alitaka kambi za kando ya ziwa: nyasi laini, samaki wa kukaanga, taa za umeme. Si wazo baya. Ila kiboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi zilezile, na kambi isiyo na uzio imara upande wa maji si mahali pa kulaza watoto wanaoamka kwenda chooni peke yao. Tena kuanzia mwaka 2020 ziwa limekuwa likipanda, limemeza mashamba na kufukuza watu majumbani mtaa wa Kihoto. Ufuo uliouona kwenye picha ya zamani huenda sasa umo ndani ya maji. Tukachagua kambi ya ndani ya hifadhi iitwayo Naiburta, ambayo iko kwenye mteremko, juu ya bonde. Ina bomba, vyoo na banda la kupikia. Kupiga hema mahali palipoinuka ni uamuzi ninaousimamia hata leo. Mara ngapi watu wanaona mchanga mtambarare, mlaini, kavu kabisa, wanatandika hapo, wasijiulize nani aliusawazisha mchanga ule? Ni maji.

Basi kama mahali na njia vilikuwa sawa, tulifikaje korongoni saa tisa?

Ratiba ya kwenye daftari ilisema tuondoke Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, na saa nne tuwe tunashuka korongoni. Saa nne lilikuwa chaguo zuri. Katika nchi ya milima kama ile, majira ya mvua, asubuhi mara nyingi huwa safi. Jua linapasha ardhi, hewa inapanda, mawingu yanajengeka mchana, na mvua nzito huangushwa alasiri. Bila kufahamu, nilikuwa nimepanga saa salama zaidi ya siku.

Halafu tukaipoteza kidogo kidogo. Shemeji na wanawe wawili walikuwa wamefika kwa treni usiku uliotangulia kutoka Mombasa, wamechoka, tukawaacha walale. Tuliondoka saa tatu kasorobo. Tukasimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kupiga picha, dakika 40. Tukaingia Naivasha mjini kununua nyama na barafu, tukala, ikapita saa nzima. Langoni Elsa tukakwama kwa makosa mawili yangu mwenyewe. La kwanza, malipo hufanyika kwa mtandao na simu, lango halipokei noti, na hakuna aliyekuwa amejiandikisha mapema. Tukawa tunajaza fomu kwenye simu chini ya mti. La pili, nilikuwa nimebeba katoni za maji ya chupa. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Tukaomba muuza duka wa karibu atuhifadhie chupa, tukabaki na katoni tupu, tukanunua kwake madumu.

Hesabu ya maji ilitakiwa iwe ya kwanza kabisa kwenye daftari: lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, mara watu 14, mara siku 2, ni lita 140, yaani madumu 7 ya lita 20. Mstari mmoja tu. Hata kama kambi ina bomba, nenda na yako ya kunywa.

Kila ucheleweshaji, ukiuangalia peke yake, ulikuwa wa busara. Nani angewaamsha watoto waliosafiri usiku? Nani angepita ukingoni bila kuwaonyesha Mlima Longonot? Lakini vyote kwa pamoja viliihamisha shughuli ya hatari kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Jamani, korongo limeshapita, tufanye jingine." Ratiba ilikuwa imekufa zamani, sisi bado tunaifuata.

Ndipo tukafika kwenye ile nusu saa.

Shemeji ni mtu mwema, na hoja zake zilikuwa na uzito. Jua linawaka hapa. Wingu liko mbali. Kundi jingine limeshuka saa sita na limetoka salama. Twende robo saa tu, tuguse maji ya moto, turudi. Mwishowe akasema neno ambalo kila mpangaji wa safari anapaswa kuliogopa: "Tupige kura." Mikono ikaanza kupanda. Nilihesabu minne, na wa tano ulikuwa wangu. Naungama hilo. Nilikuwa nimewaahidi watoto.

Mwongozaji hakupaza sauti. Alisema, "Mama, mimi nikiingia nanyi, nikisikia sauti ya maji, nitawabeba wawili. Hawa ni wanane." Kisha akaenda kukaa kwenye jiwe. Kaka yangu akageuka akaanza kukusanya baiskeli, na mjadala ukaisha hivyo.

Na mvua? Haikunyesha. Lile wingu liliyeyuka kabla ya magharibi, korongo likabaki kavu, na hadi tunawasha jiko shemeji alikuwa akirudia kwamba tulitishwa na kivuli. Sehemu hii ndiyo ngumu zaidi katika kisa kizima, maana mafuriko yangekuja tungekuwa na hadithi ya kuwasimulia wajukuu, na kila mtu angekubali kwamba kijana alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi vilevile. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana saa ile ulipofanywa: majira ya mvua, alasiri, wingu zito juu ya vilima vinavyomwaga maji korongoni, watoto 8 na njia chache za kupanda kutoka. Siku tisa kati ya kumi wingu kama lile halileti kitu. Anayeshuka kila mara atazoea kurudi salama, na mazoea hayo ndiyo yatakayompeleka chini siku ya kumi.

Usiku kulikuwa na hapana ya pili, na hii ilikaribia kutupita kabisa. Uso wa Ziwa Naivasha uko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na kambi iko juu zaidi ya hapo. Watoto wa Mombasa walikuja na leso na sweta moja moja. Kufika saa nne usiku walikuwa wanatetemeka. Mtu mmoja, kwa huruma kabisa, akachukua jiko la makaa lililokuwa bado lina moto, akaelekea nalo kwenye hema lao ili liwapashe.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi. Alitoka kwenye hema lake mbio, akalishika jiko kwa kanga, akalirudisha bandani, hakueleza neno hadi alipokuwa amelizima kwa maji. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala hapati hata nafasi ya kuamka. Kwa mtazamo wangu jiko lile lilikuwa hatari kubwa kuliko wingu la alasiri. Korongo lina kituo cha askari na mwongozaji; hema halina mlinzi.

Tuliwapasha watoto kwa njia nyingine. Baridi kubwa hutoka chini, si juu, kwa hiyo blanketi mbili za kujifunika juu ya sakafu ya hema haziwezi kushinda ardhi. Tulizichana zile katoni za maji ya chupa, tukazitandika chini ya mikeka, tukawavalisha soksi kavu, tukawapa uji wa moto, tukawalaza watatu watatu. Wakalala. Kuhusu mahema nitasema moja tu: hema linalouzwa kuwa la watu wanne hulaza watu wazima wawili na mizigo yao. Asubuhi nyani walituibia mkate wote, kosa letu, tuliuacha mezani.

Tuliporudi Nairobi nilikaa na kaka na dada tukapitia daftari. Tulichoona ni kwamba hapana zote mbili zilizotulinda zilitoka kwa watu ambao mpango haukuwapa nafasi yoyote. Mwongozaji tulikutana naye siku ileile. Dada alikuwa amealikwa kupika. Kama kijana yule angekuwa mwoga wa kupoteza bakshishi, au dada angekuwa zamu hospitalini wikendi ile, mpango wangu wenye kurasa tatu za vyakula usingetuzuia popote.

Tukaandika ukurasa wa kwanza upya. Watu watatu wana hapana isiyopigiwa kura: mwongozaji kwa mambo ya korongo, dada kwa moto, ugonjwa na baridi, kaka kwa barabara. Anayetaka kubisha atasubiri hadi jioni, baada ya chakula. Korongo ni asubuhi. Ikifika saa tano bado hatujaingia, limefutwa, tunakwenda baiskeli. Na watoto wasiahidiwe korongo. Waahidiwe twiga, kwa sababu twiga wapo kila saa. Nilimpigia shemeji simu nikamsomea ukurasa huo kabla hajatuma mchango wake. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Sawa. Andika na jina langu, kwamba nimekubali."

Tulirudi Agosti, kikosi kilekile, na sweta za kutosha. Malipo tuliyafanya tukiwa nyumbani, maji yakiwa kwenye madumu. Tulilala Ijumaa kambini ili Jumamosi tuamke palepale, na saa mbili asubuhi tukawa mbele ya kituo cha askari. Mwongozaji, mwingine safari hii, mtu wa makamo, alitazama vilima, akauliza kwa simu hali ya huko juu, akatuambia tufunge kamba za viatu.

Watoto waligusa maji ya moto wakapiga kelele hadi kuta zikajibu. Mbele kidogo, mahali njia inapobana, mwongozaji alisimama akaonyesha juu kwa fimbo yake. Tawi nene, kavu, limekwama kati ya kuta mbili, na matope yamegandia magome yake. Lilikuwa juu ya vichwa vyetu wote. Shemeji, ambaye ndiye mrefu kuliko sisi, aliinua mkono alifikie, akasimama kwa ncha za vidole, hakulifikia. Akaushusha mkono taratibu, akamshika binti yake begani.

"Mzee," akamwambia mwongozaji, "tunatoka saa ngapi?"